Bahari Ndani ya Mawe ya Giza

Mtaalamu wa miamba anajibu maswali ya wasomaji kuhusu jiwe la chokaa la Mokattam, nchini Misri.

Kwenye mawe ya Piramidi Kuu niliona viduara vingi, vingine vikubwa kama sarafu. Ni mapambo?

La. Ni magamba ya numuliti, viumbe wa baharini waliokuwa na seli moja tu. Waliishi yapata miaka milioni 45 iliyopita, enzi iitwayo Eosini, wakati kaskazini ya Misri ilipokuwa chini ya bahari ya Tethisi. Walipokufa, magamba yao yalirundikana chini ya maji, yakashindiliwa na kushikamana hadi yakawa mwamba, ndio huu wa Mokattam. Mafundi wa Farao Khufu waliuchimba mwamba huo palepale Giza, kusini mwa piramidi. Mawe meupe laini ya kufunika nje ndiyo yaliyovushwa mto Nile kutoka Tura. Piramidi ina miaka kama 4,500. Mwamba wake umeizidi umri mara elfu kumi.

Kiumbe wa seli moja anaonekanaje kwa macho matupu?

Hapo ndipo ninapostaajabu hata leo. Seli nyingi hazionekani bila hadubini, lakini *Nummulites gizehensis* aliweza kupita sentimita 2. Ndani ya mwili wake alihifadhi mwani mdogo mno, uliotengeneza chakula kwa mwanga wa jua, naye akafaidi. Kwa sababu hiyo tunajua kwamba bahari ile ilikuwa na maji maangavu yasiyo na kina kirefu.

Tafuta gamba lililopasuka katikati. Utaona mstari uliojizungusha kutoka kitovuni hadi ukingoni, na kuta nyembamba zikiugawa vyumba vingi. Kila alipokua aliongeza chumba. Pembeni yake utaona vijigamba vidogo zaidi. Usidhani hao ni watoto. Spishi hiyo ilikuwa na vizazi viwili vya kupokezana: wale waliozaliwa bila mbegu za uzazi kuungana walibaki wadogo, na waliotokana na mbegu kuungana wakawa wakubwa.

Mwongoza watalii alisema ni dengu za wajenzi zilizogeuka mawe.

Hadithi hiyo ina zaidi ya miaka 2,000. Strabo, mwanajiografia wa Kigiriki, aliikuta ikisimuliwa pale pale, akaiandika. Lakini aliongeza jambo muhimu: hata kwao, Ponto, kulikuwa na kilima kilichojaa vijiwe vya umbo la dengu. Ponto ni mbali na Giza, na wajenzi wa piramidi hawakulia chakula huko. Hoja ya kuiangusha hadithi ilikuwa tayari mkononi mwake.

Mbona mwili wa sanamu ya Sfinksi, pale Giza, umelika kuliko kichwa?

Sfinksi alichongwa katika mwamba huohuo, na tabaka zake hazilingani ugumu. Kichwa kiliangukia tabaka gumu. Mwili umepita kwenye tabaka laini zinazopishana na ngumu kidogo. Chumvi na upepo huzila zile laini kwanza, ndiyo maana ubavu wake una mifereji.

Nikitaka kulitambua jiwe la chokaa?

Lidondoshee siki. Likitoa povu, ni chokaa. Fanya hivyo kwa kokoto ya nyumbani kwako, na kamwe usijaribu kwenye jengo la kale: povu hilo ni jiwe linaloyeyuka, na kilichoyeyuka hakirudi.

Numuliti waliishia wapi?

Yule wa Giza alitoweka kabla Eosini haijaisha. Ndugu zake wengi walimfuata enzi hiyo ilipofika mwisho, miaka kama milioni 34 iliyopita, dunia ilipopoa na barafu kutanda Antaktika. Sehemu mojawapo nzuri ya kusoma tukio hilo ni pwani ya kusini ya Tanzania, upande wa Kilwa na Lindi. Miamba iliyochorongwa huko imehifadhi visukuku vya bahari ile, tabaka juu ya tabaka, na inaonyesha jamii nyingi za viumbe hawa wakubwa zikikatika karibu wakati mmoja. Jamaa zao wachache bado wanaishi katika maji ya joto ya Bahari ya Hindi na Pasifiki.