NUKTA MOJA TU: SOMO LA UKINGO WA FREMU NA MASHINE YA LEZA

Sifa zote njema anastahiki Allah (S.W.), Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na Masahaba zake. Ama baad.

Ndugu wanafunzi na wazazi wetu, msimu wa mvua uliopita tulikishusha ukutani cheti cha khitma kilichokuwa kimetundikwa ofisini kwetu. Kilikuwa kimewekwa kwenye fremu, karatasi ikigusa kioo. Hapa Mabamba mvua ikishika, unyevu huingia hata ndani ya kabati. Karatasi ile ilikuwa imegandana na kioo, na tulipoibandua, nusu ya jina la mwanafunzi ilibaki kwenye kioo. Kosa lilikuwa letu, kwa sababu hatukujua la kumwagiza fundi. Tumeandika somo hili ili lisiwapate wengine, na pia kwa kuwa ndani yake mna jambo kubwa zaidi kuliko cheti, nalo ni amana ya maandishi ya dini yetu.

1. UKINGO NI NINI?

Ukingo tunaouzungumzia ni karatasi ngumu, yenye unene wa kama milimita moja na nusu, iliyokatwa dirisha katikati. Huwekwa ndani ya fremu kati ya kioo na cheti au picha. Watu wengi huuona kuwa ni pambo. Ni pambo kweli, lakini kazi yake ya kwanza ni kuitenga karatasi na kioo ili hewa ipate nafasi na unyevu usigandishe. Picha za kamera zilizosafishwa studio hugandana na kioo upesi zaidi kuliko karatasi ya kawaida. Kwa hiyo mwenye picha ya pekee ya wazazi wake auhitaji ukingo zaidi ya wengine.

Usikate ukingo kutoka kwenye boksi la bidhaa. Karatasi ya boksi ina asidi, na baada ya miaka huigeuza rangi karatasi iliyo karibu nayo ikawa ya manjano na kukatika kama jani kavu. Ukienda mjini ulizia karatasi ngumu isiyo na asidi.

2. VIPIMO NA KUKATA KWA MKONO

Tuchukue cheti cha ukubwa wa A4, yaani milimita 210 kwa 297. Dirisha liwe dogo kuliko cheti kwa milimita 5 kila upande, ili kingo za cheti zishikwe kwa ndani. Dirisha litakuwa 200 kwa 287. Kwanza hakikisha hakuna mhuri wala saini itakayofichwa. Kisha acha ukingo wa milimita 50 juu, kulia na kushoto, na milimita 60 chini, kwa sababu upande wa chini ukilingana na wa juu jicho huuona mfupi. Karatasi yote itakuwa 300 kwa 397.

Chora kwa penseli upande wa nyuma. Tumia rula ya chuma na kisu cha karatasi chenye wembe mpya. Pitisha kisu mara nne au tano kwa wepesi. Anayekandamiza mara moja huchana. Anza na simama kwenye pembe, usiivuke.

Tusiudharau uangalifu huu. Katika Surat Saba, aya ya 10 na 11, tunafundishwa kuwa Allah alimlainishia Nabii Daud (A.S.) chuma, akamuamrisha atengeneze nguo za vita na apime vizuri pete zake. Mtume wa Allah aliamrishwa kupima sawasawa katika kazi ya mikono. Sisi ni nani tukate kwa kukisia?

3. MASHINE YA LEZA

Siku hizi katika miji mikubwa kuna maduka ya mihuri, ngao na vikombe yanayotumia mashine ya leza. Mashine hiyo hukata ukingo na pia huchonga juu yake maua, majina na aya. Hatuna haja ya kuiona kama uchawi.

Leza ya kwanza iliwashwa na Theodore Maiman huko Marekani mwaka 1960. Mwaka 1964 Kumar Patel, mzaliwa wa India, akatengeneza leza ya gesi ya kaboni dioksaidi, na aina hiyo ndiyo inayotumika sana kukata karatasi na mbao. Umeme hupita ndani ya mrija wa kioo wenye gesi hiyo, na gesi hutoa mwanga usioonekana kwa macho. Vioo huuelekeza mwanga huo hadi kwenye lenzi, na lenzi huukusanya uwe kitone kidogo chenye joto kali la kuigeuza karatasi kuwa moshi. Aliyewahi kuchoma jani kavu kwa lenzi juani ameshaliona jambo hili. Na elimu ya mwanga si ngeni kwetu: Ibn al-Haytham, aliyezaliwa Basra mwaka 354 Hijria (965), aliandika Kitab al-Manazir akaeleza kuwa tunaona kwa sababu mwanga hutoka kwenye vitu na kuingia machoni.

Fundi huchagua mambo mawili: nguvu ya mwanga na mwendo wake. Mwendo wa haraka na nguvu ndogo huchonga juu juu. Mwendo wa polepole na nguvu kubwa hukata hadi upande wa pili. Ikizidi, kingo hubabuka na kuwa za kahawia. Kwa hiyo hujaribiwa kwanza kwenye kipande cha kutupa. Faida ya leza ni kukata maua madogo ambayo mkono hauyawezi. Upungufu wake ni kwamba mashine ya kawaida hukata wima tu, na ule mkato wa mshazari unaoonesha mstari mweupe kuzunguka dirisha bado ni kazi ya kisu.

Tahadhari zake ni tatu. Kwanza, karatasi huweza kuwaka moto, hivyo mashine haiachwi peke yake hata dakika moja. Pili, mfuniko haufunguliwi ikiwa kazini, kwani mwanga huo huunguza jicho ingawa hauonekani. Tatu, plastiki ya PVC na ngozi bandia iliyotengenezwa kwayo hazikatwi kwa leza kabisa, kwa sababu moshi wake una gesi ya sumu inayodhuru mapafu.

4. HATARI YA NUKTA MOJA

Hapa ndipo penye kiini cha somo letu. Wengi hupenda kuchongesha Bismillahi juu ya ukingo. Litazame neno la mwisho, Ar-Rahiim. Herufi ya haa haina nukta. Cheche moja ikidondoka chini yake na kuacha alama nyeusi, haa inakuwa jiim, na neno linasomeka Ar-Rajiim, yaani aliyefukuzwa. Hiyo ni sifa ya shetani tunayejikinga naye kabla ya kusoma. Nukta moja ya moto imebadilisha jina tukufu la Allah!

Wanazuoni wanawataja Nasr bin Asim na Yahya bin Ya'mar miongoni mwa waliofanya kazi ya kutia nukta kwenye herufi za msahafu ili wasomaji wasikosee. Wao walizitia kwa kalamu na uangalifu. Tusije tukaziongeza sisi kwa uzembe.

Kuna hatari nyingine mbili. Baadhi ya programu za kompyuta huzitenganisha herufi za Kiarabu na kuzipanga kutoka kushoto, na fundi asiyesoma Kiarabu hawezi kulijua hilo. Na herufi zikikatwa kupita upande wa pili, matumbo ya miim, waw na faa hudondoka. Kwa hiyo aya ichongwe juu juu, isikatwe.

Kabla ya mashine kuwashwa, watu wawili wausome mchoro herufi kwa herufi, kisha wahesabu nukta. Bismillahi kamili ina nukta za herufi nne tu: moja ya baa, moja ya nuun na mbili za yaa. Kazi ikimalizika, hesabu tena. Ukipata tano au tatu, usiichukue, hata kama umeshalipa.

5. ADABU ZAKE

Vipande vilivyoharibika vyenye jina la Allah visitupwe jalalani. Vichomwe au vizikwe mahali safi. Sayyidna Uthman (R.A.) aliamuru nakala nyingine zichomwe baada ya kuinakilisha Misahafu, na wanazuoni wamelitegemea hilo.

Wanazuoni wamehitilafiana kuhusu kutundika aya ukutani, na vilevile kuhusu picha za watu. Kila familia imuulize shekhe wake. Wanaoruhusu aya wameweka sharti la heshima: isiwe mahali pa uchafu, wala isiwe pambo la kujionesha huku isomwayo ndani yake haifuatwi.

Imepokewa na Imamu al-Bayhaqi, kwa maana yake, kwamba Allah hupenda mmoja wetu anapofanya kazi aifanye kwa ukamilifu. Kijana wa Mabamba mwenye rula, kisu na elimu ya herufi anaweza kuianza kazi hii leo na kujipatia riziki ya halali. Mashine inaweza kuja baadaye. Jicho linaloijua haa na jiim halinunuliwi dukani. Hilo tunalipata hapa hapa madrasa.

MASWALI YA ZOEZI
1. Taja kazi ya kwanza ya ukingo ndani ya fremu.
2. Picha ina milimita 130 kwa 180. Tafuta vipimo vya dirisha na vya ukingo wote kwa kanuni tuliyojifunza.
3. Kwa nini aya ichongwe juu juu badala ya kukatwa?
4. Andika Bismillahi kamili kwa Kiarabu bila irabu, kisha mwombe mzazi au mwenzako azihesabu nukta zake.

Wabillahi tawfiiq.