Jibini ya Mviringo kwa Karamu Yetu

Ndugu msomaji, je, wajua kwamba jibini si lazima inunuliwe dukani? Neno lenyewe limetoka Kiarabu, lakini kitu chenyewe twaweza kukitengeneza papa hapa Kibarani.

Mahitaji: maziwa ya ng'ombe lita 2, maji ya ndimu vijiko 5 vya mezani, chumvi, kitunguu saumu, dhania, na korosho zilizokaangwa na kutwangwa.

Namna ya kutengeneza:

1. Chemsha maziwa hadi yatokote. Usifanye haraka! Maziwa mabichi huweza kuleta kifua kikuu.

2. Epua, tia ndimu kidogo kidogo huku ukikoroga. Asidi hugandisha protini iitwayo kasini, na mabonge hujitenga na maji.

3. Chuja kwa kitambaa safi cha melimeli, kamua, kisha kining'inize saa 1.

4. Tia chumvi, saumu na dhania. Kanda kwa kiganja hadi ilainike, ifinyange iwe tufe, uigaragaze kwenye korosho.

Maji yaliyobaki usiyamwage, kandia chapati. Waulize wageni kwanza kama kuna anayedhurika na korosho. Na joto la Mombasa si mchezo: huna friji? Iliwe siku hiyo hiyo. Karamu njema ni ile ambayo wageni huamka salama kesho yake. Haya, shime!