Khabari Hii Umeipokea kwa Nani?

Ndugu msomaji, wanavyuoni wa Hadithi hawakutosheka na uzuri wa maneno. Waliuliza: umeyapokea kwa nani, na huyo kwa nani? Mnyororo ukikatika, riwaya ilidhoofishwa, hata ikiwa aliyeileta ni mcha Mungu.

Leo twapokea khabari katika simu, tukasema: "Kaniletea fulani, naye ni mwaminifu." Lakini fulani hakuona, naye kaletewa. Uaminifu wake hauwezi kumdhamini mtu asiyemjua. Tangu mwaka 2018 WhatsApp hutia alama katika ujumbe uliosambazwa. Alama hiyo yatujulisha kuwa umepita kwa wengine, haitujulishi ulianzia kwa nani. Mwaka huo huo, nchini India, watu wasio na hatia waliuawa na makundi yaliyosadiki uvumi wa wezi wa watoto ulioenezwa kwa simu.

Aya ya 6 ya Suratul Hujurat yatuamrisha kuchunguza khabari kabla ya kudhuru watu kwa kutojua, tukaja kujuta. Basi uliza: nani aliyeona, wapi, lini? Usipopata jibu, khabari hiyo na iishie kwako.

Wabillahi tawfiq.