Kwa Nini Mfumo Mzuri wa Kompyuta Haulijui Nenosiri Lako

Mkazi anayelipia leseni ya biashara au kodi ya ardhi mtandaoni hufungua akaunti na kuchagua nenosiri. Wengi hudhani neno hilo huandikwa mahali fulani kama jina kwenye rejista, na afisa akitaka analisoma. Katika mfumo uliotengenezwa vyema, sivyo.

Unapojisajili, kompyuta hulipitisha neno lako kwenye hesabu inayolisaga, kama mahindi kwenye kinu. Unga huo ndio unaowekwa kwenye hifadhidata. Neno lenyewe halihifadhiwi. Kwa hesabu iitwayo SHA-256, kwa mfano, nenosiri 123456 hugeuka mfuatano wa herufi na tarakimu 64 unaoanza na 8d969eef. Badilisha tarakimu moja tu, na mfuatano wote unakuwa mwingine. Na unga haurudi kuwa punje. Ukija kesho kuingia, mfumo husaga tena ulichoandika na kulinganisha na unga wa siku ile. Ukifanana, unaruhusiwa.

Mwizi aliyeiba hifadhidata naye hahangaiki kuurudisha unga. Husaga maneno ambayo watu huyapenda, mamilioni kwa sekunde, hadi apate unga unaofanana. Ndiyo sababu huongezwa chumvi (wataalamu wenyewe huiita hivyo): herufi za kubahatisha, tofauti kwa kila mtu, zinazochanganywa na neno kabla ya kusagwa. Hapo watu wawili wenye nenosiri moja hupata unga tofauti, na mwizi hulazimika kuanza upya kwa kila akaunti. Hutumiwa pia hesabu za polepole kwa makusudi, kama bcrypt ya mwaka 1999. Wewe hutahisi kuchelewa. Mwizi anayejaribu maneno mamilioni atahisi. Hata hivyo 123456 haiokolewi na chumvi yoyote, kwani hujaribiwa kwanza.

Mwaka 2009 kampuni ya RockYou ya Marekani iliibiwa manenosiri takriban milioni 32, yote yakiwa yamehifadhiwa jinsi yalivyoandikwa. Mwaka 2012 yakavuja takriban milioni 6.5 ya LinkedIn, yamesagwa lakini bila chumvi, na mengi yakafumbuliwa. Aliyeumia zaidi ni yule aliyetumia neno lilo hilo kwenye barua pepe yake.

Unaweza kuupima mfumo mwenyewe. Bofya “nimesahau nenosiri”. Mfumo mzuri hukutumia kiungo cha kuweka jipya. Ukitumiwa neno lako la zamani, jua limehifadhiwa bila kusagwa. Libadilishe hapo na kila mahali ulipolitumia. Na anayekupigia simu akidai ni afisa wa kaunti anayetaka nenosiri “kuthibitisha akaunti”, mkatie simu: kazi hiyo hufanywa na kompyuta, na afisa hana haja nalo.

Data yako ikiibwa na ukawa hatarini, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inalitaka shirika husika kumjulisha Kamishna wa Data ndani ya saa 72 tangu lijue, na kukuarifu wewe pia.