Kovu Ni Shahidi, Lakini Halisemi Mwaka

Hebu kila mmoja wetu ajitazame mwilini. Nani hana kovu? Huku kwetu Msanzi wengi tunayo ya jembe au ya plau, wengine ya shoka, wengine ya moto wa jikoni tangu utotoni. Ukiulizwa kovu hilo umelipataje, unajibu mara moja. Ukiulizwa ni mwaka gani, hapo unaanza kuhesabu: ilikuwa kabla ya mtoto wa pili, au ule mwaka mvua ilipochelewa.

Leo tunasoma habari za wazee waliopeleka makovu yao mahakamani, tena mbali sana, London. Katika kesi yao, hesabu hiyo ya miaka ndiyo iliyoleta mabishano makubwa.

Wazee hao ni jirani zetu wa Kenya. Tarehe 20 Oktoba 1952 serikali ya kikoloni ya Waingereza ilitangaza hali ya hatari kule, kwa sababu ya vita vya Mau Mau. Watu wengi walikamatwa wakafungwa kambini bila kushtakiwa. Humo kambini walipigwa na kuteswa. Kambi moja iliitwa Hola. Tarehe 3 Machi 1959 wafungwa 11 walipigwa pale mpaka wakafa. Mzee Wambugu wa Nyingi alikuwa hapo hapo. Yeye alipigwa akazimia, wakadhani amekufa. Alipona, akabaki na alama za viboko na za pingu za miguuni.

Mwaka 2009 wazee watano, wanaume watatu na wanawake wawili, walifungua kesi London kuishtaki serikali ya Uingereza. Walidai fidia. Fidia ni malipo anayopewa mtu kwa sababu ya kuumizwa au kupata hasara. Serikali ilijibu kwanza kwamba deni hilo si lake, kwamba lilihamia kwa serikali ya Kenya wakati wa uhuru mwaka 1963. Tarehe 21 Julai 2011 jaji alisema kesi iendelee.

Ndipo ikaja hoja ya pili, nayo ilikuwa nzito kweli. Sheria ya Uingereza humpa mtu aliyeumizwa miaka 3 kwa kawaida ya kufungua kesi. Wazee hawa walikuja baada ya miaka 50 na zaidi! Jaji anaweza kuongeza muda, lakini lazima aone kwamba kesi bado inaweza kusikilizwa kwa haki pande zote mbili.

Tarehe 5 Oktoba 2012 jaji alikubali. Wazee waliobaki katika kesi walikuwa watatu: Paulo Nzili, Wambugu wa Nyingi na Mama Jane Muthoni Mara. Kwa nini alikubali? Si kwa ajili ya makovu peke yake. Wakoloni walikuwa waandishi wazuri wa barua. Barua zao na taarifa zao zilikuwa zimehifadhiwa, na maelfu ya mafaili mengine yalikuwa yamefichwa Uingereza miaka yote hiyo mpaka kesi hii ilipoyafichua. Kovu lilionyesha kwamba mtu aliumia. Karatasi zilionyesha mambo yaliyotendeka kambini, na nani walikuwa wanajua.

Serikali ya Uingereza ilitaka kukata rufaa, yaani kupeleka uamuzi huo kwa mahakama ya juu ili utazamwe upya. Kabla rufaa haijaamuliwa, wakapatana. Tarehe 6 Juni 2013 serikali hiyo ilitangaza kwamba inasikitika, na kwamba italipa pauni milioni 19.9 kwa wazee 5,228, gharama za kesi zikiwa humo humo. Ukigawanya, si mali nyingi kwa mtu aliyeharibiwa mwili. Hatuwezi kusema ilitosha.

Basi wakaja wengine zaidi ya 40,000 na kesi yao. Hao mwaka 2018 walikataliwa. Jaji mwingine aliona muda umepita mno: mashahidi wamekufa, na kumbukumbu zimechakaa. Wengi wao walikuwa na makovu vile vile. Jambo hili linatuuma, lakini ndivyo lilivyokwenda.

Sasa tuulize, kovu linaweza kusema nini mbele ya daktari? Kovu jipya hubadilika rangi na ugumu kwa mwaka mmoja au miwili. Baada ya hapo hutulia. Daktari akilitazama kovu la miaka 10 na la miaka 30, hawezi kukuambia kwa hakika lipi ni lipi. Anaweza kusema linafanana na la moto au la kukatwa. Anaweza kulipima urefu na upana, na kuona kama linauma likiguswa, au kama limevuta ngozi ya kiwiko mpaka mkono haunyooki. Hilo la mwisho tusilisahau. Kovu dogo penye kiungo huweza kumzuia mtu kulima kuliko kovu kubwa la mgongoni.

Marekani wana vipimo vyao kwa askari wa zamani. Kovu moja au mawili yanayouma huhesabiwa ulemavu wa asilimia 10. Yakiwa matatu au manne ni asilimia 20, na matano au zaidi ni 30. Kovu la usoni lina vipimo vyake peke yake. Askari asiporidhika anaweza kukata rufaa katika mwaka mmoja. Kwa kawaida huulizwa mambo matatu: una tatizo gani leo, nini kilitokea jeshini, na nini kinaunganisha mambo hayo mawili. Hilo la tatu huwashinda wengi.

Nasi tufanyeje? Mtu akijeruhiwa kwa kupigwa au kwa gari, fomu ya polisi inayoitwa PF3 hutolewa kituoni, na mganga huiandika majeraha aliyoyaona. Kadi ya zahanati nayo isitupwe wala isifanywe ya kuwashia moto. Aliyeumia kazini amwarifu mwajiri mapema, kwa maandishi, abaki na nakala. Anayejua kuandika sasa, na sisi sote tunajua, aandike kwenye daftari siku hiyo hiyo: tarehe, mahali, sehemu ya mwili, na waliokuwepo.

Maswali ya kujadili darasani: Kwa nini wazee wa kwanza walilipwa na wale wa pili wakakataliwa? Katika kijiji chetu, ni nani ana kovu la kazini au la vita, na karatasi zake ziko wapi leo?