Dawa ya Kipandauso na Maumivu ya Jicho

Vijijini tunaulizwa: jicho likiuma, niache dawa ya kipandauso? Kipandauso chenyewe huumiza nyuma ya jicho, hivyo mara nyingi dawa haina kosa. Lakini topiramati, hasa mwezi wa kwanza, na mara chache amitriptilini, zaweza kupandisha presha ya macho ghafla. Jicho likiwa jekundu, likiuma na kuona ukungu, mgonjwa afike hospitali siku hiyo hiyo na dawa zake. Asingoje mnada upite. Daktari ndiye aamue kuisimamisha. Mwenye kifafa akiiacha ghafla aweza kuanguka. Mfuko wa wagonjwa utenge nauli: kutoka Mugumu hadi Bugando, Mwanza, si safari ya baiskeli.