Mkesha wa Watakatifu katika Mji wa Wazee

Wengi huniuliza kama Halloween ya Wamarekani ni sikukuu ya mashetani. Tuanze na jina lenyewe. Latokana na maneno ya Kiingereza cha zamani, na maana yake ni mkesha wa Watakatifu Wote, yaani 31 Oktoba, kabla ya sikukuu tuiadhimishayo kanisani 1 Novemba. Usiku huo watoto huvaa vinyago, wakapiga hodi nyumba kwa nyumba kuomba pipi. Maboga huchongwa yakawa taa (mimi ningeyapika).

Sasa fikirini Sun City, Arizona, mji uliofunguliwa mwaka 1960 kwa ajili ya wastaafu. Aliye chini ya miaka 19 haruhusiwi kuwa mkazi. Huja kama mgeni tu. Basi mzee aweza kununua pipi, akawasha taa ya barazani, akakaa hata saa tatu usiku asisikie hodi. Kwa hiyo bibi aliyetembelewa na wajukuu hufanya vema kuwapitisha kwa majirani, na kwanza kwa yule asiyetembelewa na mtu. Huyo hatawapa pipi upesi. Atawaambia wageuke ayaone mavazi, atawauliza majina, kisha atawauliza tena.